Stambuli Keshapita

Sogeeni, na mwenye tumbo jepesi akae karibu na mlango, maana hadithi hii inanuka. Inanuka kweli, siwatanii. Ni hadithi ya jiji la Shimbani, ya kata yake moja iitwayo Tandikoni, na ya watu watatu wema waliolitia jiji zima uvundoni kwa asubuhi moja tu. Kila nikiisimulia nasikia kichefuchefu, na nikinyamaza nayo hunisumbua zaidi. Basi bora tugawane.

Watatu hao walikuwa na vipawa, na Tandikoni nzima ilivijua.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanarusi, muuza mahamri na chai ya maziwa kwenye kona ya barabara iteremkayo kutoka Shule ya Juu. Kipawa chake kilikuwa macho na ukweli. Hakuna kilichopita barabara ile asikione, na alichokiona alikisema vilevile, bila kutia chumvi. Mtu akipotelewa na mbuzi, au na mume, alianza kwa Bi Mwanarusi kwanza.

Wa pili alikuwa Shebwana, mpiga mbiu wa kata. Huyu kipawa chake kilikuwa sauti. Alitembea na kipaza sauti begani, akitangaza misiba, harusi, chanjo za watoto na siku za maji kukatika. Viziwi walidai wanamsikia. Tena alikuwa na sifa ya upesi: habari ikimfikia, haikupoa mikononi mwake.

Wa tatu alikuwa Mzee Kitsao, fundi mwashi aliyestaafu. Sijui kipawa chake nikiiteje. Alikuwa mtu wa kufuatwa. Msibani akiinuka, watu huinuka. Akinawa mikono, watu hunawa. Siku moja alihama na kiti chake kukimbia jua, nusu ya waliokuja kuhani wakahama naye, na wengine hata jua halikuwa limewafikia. Yeye mwenyewe hakuomba kufuatwa, wala hakuwahi kumkataza mtu.

Sasa, miaka ile watu hawakupiga kura kwa karatasi. Ulikuwa uchaguzi wa mlolongo. Wakala wa mgombea husimama uwanjani ameinua picha ya mtu wake, nanyi mnaomtaka mnajipanga nyuma ya picha, kisha karani anapita akihesabu vichwa. Jirani anakuona. Mwajiri wako anakuona. Mwenye nyumba uliyopanga anakuona, na anakukariri. Wananchi walichagua madiwani kwa mtindo huo, kisha madiwani wakaenda ukumbini kumchagua Mstahiki Meya miongoni mwao.

Tandikoni walisimama wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Dama, mwanamke mkavu wa maneno, aliyefundisha nusu ya kata kusoma na kuifinya masikio nusu iliyobaki. Aliahidi mambo mawili tu: zahanati, na lori la taka kila Jumatatu. Wa pili alikuwa Bwana Stambuli. Huyu aliwahi kuwauzia watu wawili kiwanja kimoja, na mmoja wao alipokufa kwa uchungu, Stambuli alihudhuria msiba, akala sahani mbili za pilau, akaomba ukoko. Ndiye mtu aliyetaka kuwa Meya.

Vituo vilikuwa viwili. Shule ya Juu walijipanga na kuhesabiwa mapema. Uwanja wa Mpira, kule chini, ungehesabiwa saa tano.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Bi Mwanarusi alikuwa ndiyo kwanza ametoa mahamri ya mwisho kwenye karai, akayapanga juu ya sinia. Mara gari jeupe la Stambuli likashuka mbio kutoka Shule ya Juu, likaliingia dimbwi la mfereji uliofurika, likakunja kona kuelekea mjini. Maji meusi yaliruka yakatua kwenye sinia, yote, hata hamri moja halikupona. Stambuli aligeuka akatazama. Halafu akapandisha kioo.

Bi Mwanarusi bado anajifuta uso kwa kanga, Shebwana akatokea kutoka chini, anahema. Karani wa Uwanjani alikuwa amemtuma akatazame mambo yanakwendaje huko juu.

"Dada Mwanarusi," aliita kwa mbali, "vipi Stambuli huko?"

"Stambuli?" Bi Mwanarusi alikuwa na tope mdomoni na hasira kifuani. "Stambuli keshapita!"

"Keshapita?"

"Kapita zamani! Na hivyo alivyopita, Mungu ndiye shahidi!"

Nyinyi mnaijua lugha yetu. Kupita ni kupita njia, na kupita ni kushinda uchaguzi. Bi Mwanarusi alisema aliyoyaona kwa macho yake, wala hakuongeza neno. Aliinama akaanza kuyamwaga mahamri kwenye ndoo ya ng'ombe wa jirani.

Shebwana naye hakuuliza, kapita wapi. Angeuliza hilo tu, neno moja, mimi leo ningekuwa nawasimulia jambo jingine. Lakini habari ilikuwa ya moto, tena kutoka kwa mwanamke asiyesema uwongo. Aligeuka palepale kwenye mteremko, akaweka kipaza sauti mdomoni, akatangaza kama alivyotangaza mambo yote ya maisha yake. "Wananchi wa Tandikoni! Bwana Stambuli amepita! Nasema tena, Bwana Stambuli amekwisha kupita!" Alisema alivyoambiwa, wala hakuongeza neno.

Kule Uwanjani mlolongo wa Mwalimu Dama ulikuwa umezunguka goli la kaskazini na kurudi. Wa Stambuli ulikuwa na mashemeji zake na mafundi wa gereji yake. Aliyesimama mbele kabisa kwa Mwalimu Dama ni Mzee Kitsao. Sauti ya Shebwana ilipoteremka, watu walitazamana. Mzee Kitsao akawaza: ikiwa mtu keshapita kwa kura za juu peke yake, sisi huku tunafanya nini ila kujipanga tuandikwe majina? Kata yetu itasahauliwa mpaka uchaguzi mwingine. Akavuta pumzi, akatoka kwenye mstari, akavuka uwanja taratibu akaenda kusimama nyuma ya shemeji wa mwisho wa Stambuli. Hakumwita mtu, wala hakuongeza neno.

Basi walimfuata. Mlolongo mzima uligeuka kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano. Hata wakala wa Mwalimu Dama, mtoto wa dada yake, alishusha picha, akatazama kulia na kushoto, akaiegemeza kwenye mlingoti wa goli, akaenda.

Mwalimu Dama aliwasili kwa miguu, jasho linamtoka, anatabasamu. Huko Shule ya Juu alikuwa amembwaga Stambuli vibaya sana, ndiyo maana yule bwana alitoka kwa hasira na kuendesha gari kama mwehu. Alikuta picha yake mlingotini, na dada yake peke yake mbele ya picha, mikono kichwani.

Zilipojumlishwa kura za juu na za chini, Stambuli alimpita Mwalimu kwa watu kumi na mmoja. Wiki iliyofuata madiwani waliingia ukumbini kumchagua Meya, na Stambuli akashinda kwa kura moja. Kura hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Walimvika joho na mkufu wa jiji, naye akalia machozi mbele ya wapiga picha. Nasema alilia. Mtu yule.

Jaa la jiji lilikuwa kule nyuma ya mashamba yake. Mwezi wa kwanza wa umeya alilihamisha, na mnajua alilileta wapi. Malori yalimwaga Uwanja wa Mpira, mahali palepale walipojipanga. Yalimwaga matumbo ya samaki, nywele za vinyozi, damu ya machinjioni iliyoganda kwenye magunia, bandeji zenye usaha, nepi, mbwa waliokufa. Rundo lilifika usawa wa goli, likalipita. Lilikuwa likiwaka chinichini bila kuzimika, na moshi wake ulikuwa wa rangi ya manjano. Mvua ikinyesha, mchuzi wa takataka ulitiririka vichochoroni, na watoto waliuruka wakienda shule. Malalamiko yalipofika kwa Mstahiki Meya, alijibu kwamba Tandikoni ni wapiga kura wake wapenzi na anawaletea maendeleo, kwa sababu mbolea ni mali. Nilipoisikia kauli ile nilitema mate, na leo nikiirudia natema tena.

Tandikoni ikatafuta wa kulaumiwa. Bombani, wanawake walimgeuzia Bi Mwanarusi migongo.

"Mie nilisema kapita barabarani!" alilia. "Tope nilikuwa nalo usoni! Muulizeni aliyetangaza."

"Mimi ni kipaza sauti tu," alisema Shebwana. "Kinatoka kilichoingia. Muulizeni aliyehama."

"Nilihama na miguu yangu miwili," alisema Mzee Kitsao. "Miguu mingine yote ile, nani aliibeba?"

Walikwenda hivyo miaka miwili, kila mmoja akiapa kwamba si yeye, na kila mmoja akilipa kwa namna yake. Nzi walifunika sinia la Bi Mwanarusi hata wateja wakakoma. Mumewe, Mwidadi, mtu aliyekuwa na pumu ya kawaida tu, sasa alikaa kitandani amejiegemeza ukutani, kila pumzi anaivuta kwa kazi, midomo imekuwa ya buluu. Daktari alisema dawa ni moja, mtoeni kwenye moshi. Ampeleke wapi, kwa mahamri gani? Shebwana naye moshi ulimla koo, sauti ikabaki mkwaruzo, na mkewe akawa anatangaza misiba badala yake. Mzee Kitsao nyumba yake ilipakana na jaa. Mkewe alianza kusaga meno usingizini, na kila asubuhi walifagia funza chumbani kama wengine wanavyofagia mchanga.

Ndipo uchaguzi mwingine ulipokaribia, na Mstahiki Meya akakumbuka shukrani.

Alimtuma Karani wa baraza la jiji. Jumamosi alasiri watu walikusanyika kwenye baraza ya Shule ya Juu, ambako uvundo ulifika kwa awamu. Karani alikuwa na leso puani na ufunguo mkononi, ufunguo mpya uliofungwa utepe.

"Wananchi," alisema, "Mstahiki Meya ni mtu wa fadhila. Anajua alipita kwa ajili ya mmoja wenu. Yeye hamjui mtu huyo, lakini anataka kumtuza. Iko nyumba ya baraza kule Mlima Upepo, vyumba vitatu, bomba ndani. Ni ya mtu yule ambaye, bila yeye, Meya asingepita. Sharti ni moja. Asimame hapa mbele ya watu wote aseme, ni mimi niliyempitisha. Tutampiga picha."

Mlima Upepo! Kule hakuna moshi. Kule watu hulala madirisha wazi. Bi Mwanarusi aliukodolea macho ule utepe wa ufunguo.

Shebwana ndiye aliyetangulia. Kumbe mkwaruzo ule uliweza kupaa ukitaka. "Ni mimi!" alisema. "Bi Mwanarusi alisema na mtu mmoja. Mzee Kitsao alisimama kimya. Nani aliifikisha habari uwanjani? Watu mia nne walisikia sauti ya nani? Bila mimi, neno lingefia kwenye karai la mafuta."

Mzee Kitsao aliinuka, na kwa mazoea watu kadhaa wakainuka naye. "Ni mimi," alisema. "Maneno yalitangazwa, sawa. Lakini nani alitikisika? Mlisimama mnatazamana kama kuku wa mvua. Sauti haihesabiwi na karani, vichwa ndivyo vinavyohesabiwa, na vichwa nilivipeleka mimi. Ningebaki nilipo, mngebaki."

Miaka miwili wamekana kwa viapo, leo wanagombania. Bi Mwanarusi aliwatazama wakipigana vikumbo vya hatia na akachukizwa nao kupita kiasi. Alichukizwa na Shebwana na mshipa wake wa shingo uliotuna. Alichukizwa na Mzee Kitsao na kidole chake kilichonyooka. Alimchukia Karani kwa leso yake ya manukato. Halafu alimkumbuka Mwidadi, alivyomwacha na beseni mapajani, na akasikia mdomo wake mwenyewe ukifunguka.

"Ni mimi," alisema.

Watu waligeuka.

"Neno lilikuwa langu. Shebwana angetangaza nini kama nisingesema? Mzee angehama kwa lipi? Mwaniita msema kweli, basi ndiyo maana hakuna aliyeuliza mara mbili. Ukweli wangu ndio uliompitisha." Alisema yote hayo kwa sauti thabiti, na kila neno lilikuwa na ladha ya maji ya mfereji.

Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Mpeni Mwalimu Dama nyumba! Ndiye aliyeonewa!"

"Mwalimu hakumpitisha Meya," alijibu Karani bila hata kucheka. "Lakini mmenipa wazo. Kwa kuwa hamkubaliani, na yeye hana upande, ataamua yeye. Mwalimu, shika. Mpe unayeona anastahili. Na nikuambie mapema, usiutupe. Nikirudi na ufunguo, nyumba anapewa mpwa wa Meya, na nyinyi mtabaki na moshi wenu."

Mwalimu Dama alikuwa amekaa kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni. Aliupokea ufunguo kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya kwa mkia. Alisimama mbele ya wale watatu, akawatazama mmoja mmoja. Wote aliwafundisha watoto wao.

"Miaka miwili," alisema, "nimengoja mtu mmoja abishe hodi kwangu aniambie, Mwalimu, ni mimi. Mmoja tu. Nilikuwa nimeweka hata kiti. Leo wamejitokeza watatu kwa siku moja, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nisamehe."

Shebwana alitazama chini. Mzee Kitsao alivua kofia, na wanaume kadhaa wakavua zao.

Bi Mwanarusi alitaka kusema neno hilo. Lilikuwa hapo ulimini, zito. Lakini aliwaza, nikilisema sasa, ataniona nalisema kwa ajili ya ufunguo. Na nisipolisema, mimi ni mtu gani? Alipotazama aliona mkono wake mwenyewe umekwisha kunyooka mbele ya Mwalimu, kiganja juu, wazi, na hakujua ulinyooka saa ngapi. Alitaka kuurudisha. Kutoka mtaa wa chini upepo ulileta moshi, watu wakaanza kukohoa, naye akauacha mkono palepale.

Haya, jamaa zangu, mimi nimefika hapo na siendi mbele. Nimeipeleka hadithi hii barazani, shuleni na msibani, na kila mahali watu wamegombana. Wako wanaosema ufunguo ni wa aliyesema neno. Wako wanaosema ni wa aliyelipaza, na wengine wanashikilia kwamba miguu ndiyo iliyopiga kura. Yuko bibi mmoja aliyesema apewe mpwa wa Meya, ili angalau tujue nani wa kumchukia. Mwidadi anavuta pumzi kwa kazi, funza wanafagiliwa, koo la Shebwana linakauka, na ufunguo ni mmoja.

Nakuuliza wewe uliyeketi hapo unanitazama: ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungemwekea nani kiganjani? Na ukishamwekea, ungemwambia hongera, au pole?